Tumbo limegoma kutulia baada ya virusi na moyo nao umechoka: fanya hivi

Naandika hii kwasababu maswali ni yale yale. Mtu aliumwa Korona, au alipata lile tumbo la kuharisha na kutapika ambalo nyumba nzima iliugua, homa ikaisha, wenzake wakarudi kazini, yeye miezi inapita tumbo linajaa gesi, linakata, leo anaharisha kesho hapati choo, akila vijiko vitatu kichefuchefu. Kapima, kapima tena, makaratasi yote yanasema hamna kitu. Alafu ananivuta pembeni pale dirishani anauliza kwa sauti ya chini, "nesi, hivi mimi nina nini, au ndo nimeanza kuchanganyikiwa?"

Hujachanganyikiwa. Na hujifanyishi. Tumbo linauma kweli na moyo umechoka kweli, na hivyo viwili vinahudumiwa kwa pamoja. Watu wengi wanasema "ngoja tumbo lipone kwanza, furaha itarudi yenyewe", na hapo ndo wanapokwama mwaka mzima.

Nadharia kidogo tu. Utumbo una mtandao wake wa neva, seli zaidi ya milioni 100, na kuna neva ndefu inayounganisha tumbo na ubongo, habari zinapanda na kushuka muda wote. Virusi vikishapita, zile neva zinaweza kubaki nyepesi kushtuka. Ni kama mbwa ambaye mwizi alishawahi kuruka ukuta wake, sasa usiku anabwekea hata jani likidondoka. Kati ya watu 10 waliopata maambukizi ya tumbo, karibu mmoja anabaki na usumbufu huu ndani ya mwaka unaofuata, na kwa wale ambao chanzo kilikuwa virusi mara nyingi unaisha mapema kuliko wale wa bakteria. Hofu nayo inalibana tumbo, tumbo likibana linauma, likiuma unaogopa zaidi. Kazi yetu ni kuukata huo mzunguko popote tunapoweza kuushika.

Kabla ya yote: dalili ambazo sio za kusubiri

Ukiona hata moja kati ya hizi acha huu mwongozo, nenda hospitali: damu kwenye choo au choo cheusi tii, kukonda bila kutaka, homa inayorudi rudi, kutapika mfululizo, chakula kukwama wakati wa kumeza, macho kuwa ya njano, kuishiwa damu, tumbo au kuharisha kunakokuamsha usingizini. Pia kama una miaka 50 kwenda juu na hali ya choo imebadilika ghafla, au kwenu kuna mtu aliugua saratani ya utumbo. Huku kwetu kuna minyoo, kichocho, amiba, TB ya tumbo, VVU, bakteria wa vidonda vya tumbo, vyote hivyo vinaweza kujificha nyuma ya "tumbo tu", kwahiyo daktari lazima aviondoe kwanza.

Andaa hivi

- Daftari dogo la shule na peni.
- Makaratasi yote ya vipimo ulivyowahi kufanya, kwenye bahasha moja. Acha kuyatawanya mengine kabatini mengine kwa dada.
- Orodha ya dawa zote ulizomeza, za hospitali, za duka la dawa na za mitishamba. Usifiche za mitishamba.
- Pakiti chache za ORS.
- Kipochi cha kutembea nacho: tishu, kipande cha sabuni, nguo ya ndani, chupa ya maji. Unajua mwenyewe vyoo vya stendi vilivyo.
- Mtu mmoja unayemwamini. Mmoja anatosha, ila awepo.

Hatua 1. Pima vizuri mara moja, alafu simama

Beba ile bahasha, nenda kwa daktari mmoja, umweleze tangu siku ya kwanza ulipougua. Muulize maswali matatu na uandike majibu: umeshaondoa magonjwa gani? Hii hali yangu inaitwaje? Kitu gani kikitokea nirudi haraka? Anaweza kukuambia ni IBS iliyotokana na maambukizi, yaani utumbo unasumbua kweli ingawa vipimo havionyeshi ugonjwa. Kama ilianza na Korona anaweza kusema ni madhara ya muda mrefu ya Korona, Shirika la Afya Duniani linaita hivyo pale dalili zinapokuwepo miezi mitatu baada ya kuugua, zimedumu angalau miezi miwili na hamna maelezo mengine.

Baada ya hapo acha kuzunguka maabara za mtaani. Hili nalisema kwa uchungu kwasababu naona hela za watu zinavyoteketea. Kipimo cha Widal cha taifodi kwa mfano, ukipima mara moja tu kinaweza kusoma kuwa unayo kwasababu ya maambukizi ya zamani, mtu anapewa sindano, wiki mbili baadae anapima tena "bado ipo", anapewa nyingine, na tumbo linazidi kuvurugika. Antibayotiki haiui virusi, na inaua bakteria wazuri wa tumboni. Flagyl kila tumbo likinguruma sio tiba. Na kila kipimo kipya unachokimbilia kwa hofu kinakupa nafuu ya siku mbili tatu, alafu hofu inarudi inadai kingine.

Hatua 2. Upime na moyo

Jiulize kuhusu wiki mbili zilizopita. Je, siku nyingi umekosa hamu ya vitu ulivyokuwa unavipenda? Je, siku nyingi umejisikia mnyonge, umekata tamaa? Kama jibu ni ndiyo hata kwa moja, usiishie kwenye mwongozo huu, nenda na hatua ya 8 (mtaalamu wa afya ya akili) wiki hii hii huku ukifanya na hizi nyingine.

Ongezea na hizi: moyo kwenda mbio ukiwa umekaa tu, kukosa usingizi kwa kuwaza choo cha kesho, kulia bila sababu, kuwafokea watoto.

Na kama mawazo yamefika kwenye kutaka kufa, au unaona nyumbani wangekuwa na amani bila wewe, mwambie mtu leo, sasa hivi, usikae peke yako, na aende na wewe hospitali yoyote iliyo karibu, mapokezi ya dharura. Huo nao ni ugonjwa na unatibika, hakuna anayestahili kukugombeza. Kwa ushauri wa afya kwa simu kuna namba 199 ya Wizara ya Afya ya Tanzania, ni bure, ila kama hali ni mbaya usianze na simu, nenda.

Hatua 3. Andika kwa wiki mbili

Chora safu nne: saa, nilichokula, tumbo kati ya 0 mpaka 10, moyo kati ya 0 mpaka 10. Pembeni acha nafasi ya kuandika kilichokuwa kinaendelea. Mfano:

Jumatatu, saa 1 asubuhi, chai ya maziwa na chapati mbili, tumbo 6, moyo 7, mwenye nyumba kapiga simu ya kodi.
Jumanne, saa 1 asubuhi, chai ya maziwa na chapati mbili, tumbo 2, moyo 2, nipo kwa mama Kongwa.

Umeona? Chapati ile ile, maziwa yale yale. Watu wengi wakifika ukurasa wa tatu wanaanza kuona wenyewe kwamba sio kila siku mbaya imetokana na chakula, na hakuna mtu angeweza kuwaaminisha hilo kwa maneno.

Kosa: kugeuza daftari kuwa kazi ya kudumu. Wiki mbili zikiisha lifunge. Ukilisikiliza tumbo kila dakika litakupa la kusikia kila dakika.

Hatua 4. Pumua kwa tumbo, dakika 5, asubuhi na kabla ya chakula cha usiku

Kaa au lala chali, legeza mkanda au kanga. Mkono mmoja kifuani mwingine juu ya kitovu. Vuta hewa polepole kwa pua ukihesabu mpaka 4, mkono wa tumboni ndo unyanyuke, wa kifuani utulie. Toa kwa mdomo ukihesabu mpaka 6. Mabega yakipanda ujue unapumulia kifua, anza upya. Ukisikia kizunguzungu umevuta kwa nguvu sana, punguza.

Fanya hata siku ambayo uko vizuri. Mtu anayeanza kujifunza siku tumbo limemkamata ndani ya daladala hataiweza, lazima mwili uwe umeshazoea.

Hatua 5. Rudi mezani

Hapa ndo pagumu na ndo pana maumivu ya siri. Mtu anaanza kwa kuacha maharage, alafu maziwa, alafu nyama, alafu mboga, mwisho anaishi kwa wali mweupe na maji, anakonda, kila mtu anamtazama, na anakula peke yake chumbani ili asiulizwe. Kula peke yako miezi mingi kunaumiza moyo kuliko ile gesi.

Fanya hivi. Kula kidogo kidogo mara nyingi, usikae na njaa mpaka saa 10 jioni alafu ukajaza sahani. Anza na vile ambavyo tumbo lako linavikubali, kwa wengi huku kwetu ni uji laini wa uwele au mtama, wali, viazi, ndizi, kuku au samaki wa kuchemsha, ugali laini na mlenda. Vinavyosumbua mara nyingi ni maharage, vitunguu vingi, kabichi, soda, mafuta mengi, pilipili na maziwa. Maziwa yana sababu yake, baada ya virusi vya tumbo uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa unaweza kushuka kwa muda, kwahiyo yapumzishe wiki chache ujaribu tena. Ondoa kundi moja tu kwa wakati, wiki mbili au tatu, alafu lirudishe kidogo kidogo. Kama hujaona tofauti basi halikuwa na kosa, liache mezani.

Ukiwa ugenini usitoroke. Sema mapema na kwa kifupi: "Shemeji, tumbo langu halijakaa sawa, nipakulie wali na mchuzi kidogo, nikitaka zaidi nitaomba." Ukishasema hivyo mara moja wenyeji wanaelewa na hakuna anayekuhesabia matonge.

Wanaofunga, iwe Ramadhani au Kwaresma, ongea na daktari kwanza hasa kama umepungua uzito. Hakuna kiongozi wa dini ninayemjua atakayekukasirikia kwa kuumwa.

Hatua 6. Rudishia maisha ngazi kwa ngazi

Andika vitu vyote ulivyoacha kwasababu ya tumbo. Ibada, soko la Majengo, msiba, kikoba, mpira, safari. Vipange kuanzia kinachokutisha kidogo mpaka kinachokutisha sana. Anza na cha chini, kirudie mara kadhaa mpaka hofu ipungue, ndo upande.

Mfano wa mtu wa Nkuhungu, hapa Dodoma, anayeogopa gari:
- Siku za kwanza panda daladala vituo viwili tu, shuka, rudi kwa miguu au boda.
- Alafu mpaka mjini muda usio na foleni, ukae kiti cha karibu na mlango.
- Alafu muda wa kawaida wa kazini, kiti chochote.
- Mwisho safari ndefu. Watu wengi hofu yao kubwa ni basi la Dar, basi likisimama kuchimba dawa porini kila mtu anashuka na wewe tumbo halisubiri wala halina ratiba. Kama hela inaruhusu safari ya kwanza nenda na treni ya SGR, ina vyoo ndani, ukishajiamini ndo urudi kwenye basi.

Hofu ikipanda katikati usishuke hapo hapo kama tumbo halijakulazimisha. Pumua kama hatua ya 4 mpaka wimbi lipite, kwasababu ukikimbia kila mara ubongo unajifunza kwamba daladala ni hatari. Na usizidishe vidonge vya kufunga choo kila unapotoka, unahamisha tatizo kutoka kuharisha kwenda kukosa choo.

Angalizo kwa waliotoka Korona na bado mwili mzima umechoka: kama ukifanya kazi kidogo kesho yake unaanguka kitandani kabisa, usilazimishe. Fanya nusu ya unachodhani unaweza, pumzika kabla hujachoka, na mwambie daktari.

Hatua 7. Ongea na wa nyumbani kabla hawajajitungia majibu

Ukikaa kimya watu wanajaza wenyewe. Ukikonda wataanza kunong'ona kuhusu VVU, ukikataa chakula cha mkwe atasema una dharau, na yupo atakayesema umetupiwa kitu. Kaa na mwenzi wako au mzazi, muda ambao hamna ugomvi, umwambie hivi: "Niliumwa virusi, vimeisha, ila neva za tumbo bado hazijatulia. Daktari kanipima hamna kitu cha hatari. Itachukua muda. Nachoomba ni hiki..." alafu taja kitu kimoja kinachotekelezeka: asikuulize kila saa unajisikiaje, au akusindikize kliniki, au mboga isiwekwe pilipili.

Wanaume hasa, nawaomba. Unakuta baba amekaa na hali hii mwaka mzima mkewe anadhani ana mchepuko kwasababu hali chakula nyumbani na hataki kuguswa usiku. Mwambie mwenzio.

Sala na dua ziendelee, zinatia nguvu. Ila anayekuambia uache dawa ili uonyeshe imani, huyo usimsikilize.

Hatua 8. Mtaalamu wa afya ya akili, na ndiyo, hata Mirembe

Najua. Dodoma nzima ukitaja Mirembe watu wanacheka au wananyamaza. Hospitali hiyo ya magonjwa ya akili ipo tangu 1927 na jina lake tumelifanya tusi, tunatishia nalo watoto. Matokeo yake mama ana sonona kabisa inaonekana kwa macho, anakataa kwenda kwa kuogopa kuonekana getini. Wanahudumia wagonjwa wa nje, unaingia asubuhi unatoka na cheti chako kama kliniki nyingine yoyote. Kama bado moyo unakataa, anza Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Hospitali ya Benjamin Mkapa, omba kuonana na mtu wa afya ya akili au ustawi wa jamii, au mwambie daktari anayekutibu tumbo akuandikie rufaa.

Utakachokutana nacho ni mazungumzo, tena ya kufundishwa namna ya kukabiliana na mawazo na tabia zinazochochea tumbo, na yamesaidia watu wengi wenye IBS. Wengine wanapewa amitriptyline dozi ndogo usiku. Mtu akiisoma kwenye simu anaona ni dawa ya sonona anaitupa jalalani. Kwa dozi ndogo inatuliza neva za tumbo, na utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2023 ulionyesha wagonjwa wa IBS walioitumia walipata nafuu zaidi ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Inaweza kukausha mdomo, kuleta usingizi na choo kigumu. Usijinunulie, usiongeze dozi mwenyewe, na iweke mbali na watoto, ikizidi inadhuru moyo.

Ukikwama

*"Wiki tatu sasa, sioni mabadiliko."* Angalia daftari, sio kumbukumbu. Mara nyingi namba ya tumbo haijashuka ila ya moyo imeshuka, au umeenda sokoni mara mbili wakati mwezi jana hukwenda kabisa. Hayo ni mabadiliko, tumbo huwa linafuata nyuma. Kama zote mbili zimesimama, rudi kwa daktari.

*"Tumbo limetulia, ila bado sina raha."* Hiyo inaweza kuwa sonona inayojitegemea sasa. Hatua ya 8, usisubiri.

*"Nilikuwa nimepona, nimepata mafua tu limerudi."* Hutokea. Haimaanishi umeanza sifuri. Kunywa maji na ORS kama unaharisha, chakula laini siku chache, kupumua asubuhi na jioni, alafu rudi kwenye ratiba yako mapema. Usirudi kwenye wali mweupe wa mwezi mzima.

*"Maumivu yakizidi nameza diclofenac."* Acha. Dawa za jamii hiyo zinachubua tumbo. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu juu ya tumbo, kupumua, na muulize daktari dawa ya kulegeza misuli ya utumbo.

*"Usiku nashindwa kuacha kusoma kwenye simu, kila nikisoma naona ni saratani."* Simu ilale chumba kingine saa 3 usiku. Swali likija liandike kwenye daftari, lipelekwe kliniki kwa pamoja na mengine.

*"Kazini nashindwa kuomba ruhusa ya choo kila saa."* Huna haja ya kumweleza bosi kila kitu. Omba cheti cha daktari, umwambie "nina tatizo la tumbo linalotibiwa, naomba nikae karibu na mlango." Wengi wakishajua wana ruhusa ya kutoka, wanajikuta hawatoki mara nyingi hivyo.

*"Ni mtoto wangu wa darasa la nne, kila Jumatatu tumbo."* Mpeleke apimwe kwanza, uzito wake ufuatiliwe. Kama daktari hajaona kitu cha hatari, usimgombeze kuwa anadanganya na pia usimwache nyumbani wiki nzima. Ongea na mwalimu wa darasa amruhusu kwenda chooni bila kunyoosha mkono mbele ya wenzake, aanze hata nusu siku, na jioni muulize ameshinda vipi shule kabla hujamuuliza habari za tumbo.